Kabla Hujapakia Dawa Kwenye Boti, Uliza Mwezi Uko Wapi

Kila mwaka Februari ikiisha simu yangu huanza kulia. Leo ni kanisa fulani la Nakuru, kesho ni vijana wa Kisumu, keshokutwa ni wageni kutoka Marekani walioshuka juzi tu. Swali ni lile lile: "Sista, tunataka kwenda visiwani na madaktari. Utatusaidia kupanga?" Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kumi na mmoja nimepanda boti za kanisa kwenda visiwa vya Ziwa Victoria, Mfangano, Takawiri, Remba, na vijiji vya ufuoni ambako gari halifiki. Nimechoka kurudia maneno yale yale kwa simu, basi nayaweka hapa.

Tuanze na mwezi. Si wa kalenda, nasema ule wa angani.

Safari yangu ya kwanza tulifika saa nne asubuhi tukiimba, tumevaa fulana zinazofanana. Ufuo ulikuwa kimya. Wanawake wawili watatu walikuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, redio inalia kibandani, mbuzi wanazurura. Wanaume hakuna. Pasta akadhani tumesusiwa. Kumbe walikuwa wamelala. Mvuvi wa omena hufanya kazi usiku: anaelea na taa yake, omena wanafuata mwanga, wavu unazungushwa. Giza likiwa zito ndipo anapopata. Mwezi ukijaa taa yake haina nguvu tena, na kwa siku kadhaa mashua hulala nchi kavu. Hizo ndizo siku utakazowakuta wanaume mchana, wakishona nyavu, wakinyoana, wakibishana kuhusu Gor Mahia. Sisi tulikuwa tumekwenda katikati ya giza. Tulitibu akina mama na watoto hadi saa tisa. Mwanaume wa kwanza alijitokeza akijifikicha macho wakati tunafunga masanduku, maana nahodha alishaanza kutazama mawingu.

Tangu hapo sipangi tarehe bila kumpigia mtu wa ufuoni nimuulize mwezi utakuwaje. Kuna na msimu pia. Uvuvi wa omena upande wetu wa Kenya hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Makanisa yanapenda Aprili kwa sababu shule zimefungwa na watu wa kujitolea wanapatikana, halafu wanafika ufuo wa omena na kukuta vibanda vina kufuli, wenyewe wamerudi makwao Siaya, Busia, wengine Uganda. Ufuo wa mbuta, yaani sangara, ni habari nyingine, huko kazi inaendelea. Kwa hiyo uliza pia ni samaki gani wanaovuliwa pale.

Wa kumuuliza ni mwenyekiti wa BMU, ile kamati inayosimamia ufuo. Mpigie huyu kabla hujamtafuta mfadhili. Baada yake nenda ofisi ya afya ya kaunti, upate kibali kwa maandishi. Kama una daktari mgeni, leseni yake ya muda itoke kwa baraza la madaktari, KMPDC, mapema. Usinifikie wiki mbili kabla ukaniambia Mungu atafungua njia. Ataifungua, lakini fomu utaijaza wewe.

Kuhusu maji yenyewe. Sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu ya ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000, ila hiyo sita inatosha kabisa kukuzamisha. Ondoka alfajiri. Mchana upepo wa ziwani unaamka, mawimbi yanafupika na kusimama wima, na boti iliyojaa masanduku upande mmoja inaanza kukuonyesha rangi zake. Kila abiria awe na jaketi la kuokoa maisha, aivae, asiikalie. Dawa ziingie katika mapipa ya plastiki yenye mfuniko, si maboksi ya karatasi. Nimeshuhudia boksi zima la vidonge likigeuka uji kwenye maji ya sakafu ya boti.

Wageni hupenda kuondokea Dunga hapa Kisumu kwa sababu picha zinatoka vizuri. Picha ndiyo, safari hapana. Gugumaji hutembea na upepo. Unaweza kulala ghuba ikiwa wazi ukaamka imefungwa. Mwaka mmoja tulikaa saa tatu, kijana anainua injini ya Yamaha kila dakika tano kung'oa mizizi kwenye pangaboi, tumeona Kisumu nyuma yetu muda wote huo. Siku hizi tunakwenda kwa gari hadi Luanda Kotieno, tunavuka kwa feri hadi Mbita, tunalala, na boti tunaikutia huko.

Sasa dawa. Nitaeleza mbili tu, kwa kuwa ndizo nilizokosea.

Kichocho. Watu wa Pwani wanakijua kwa mkojo wa damu. Chetu huku ni cha tumbo: damu kwenye choo kikubwa, tumbo la mtoto linavimba, ini linaharibika polepole. Dawa yake ni prazikwanteli, na vidonge huhesabiwa kwa urefu kwa kutumia ule mti wa vipimo, ufito ulioandikwa idadi ya vidonge kwa kila urefu, unaoanzia sentimita 94. Rahisi, sivyo? Tuliwapanga watoto tangu asubuhi, tukawapa vidonge, tukaenda kwenye foleni nyingine. Baada ya nusu saa mmoja akatapika. Halafu wa pili. Kufikia saa sita kulikuwa na watoto kumi na wawili wamelala chini ya mti wanashika matumbo, na mama mmoja anapiga kelele kwamba watu wa kanisa wameleta sumu. Hakuna aliyedhurika. Dawa hiyo humpa mtu kizunguzungu na kichefuchefu, na tumbo likiwa tupu inakuwa mbaya zaidi. Watoto wale walikuwa hawajala tangu jana yake. Miaka miwili iliyofuata, kijiji kile hakikumpeleka mtoto hata mmoja kumeza dawa.

Siku hizi sufuria ya uji hushuka kwenye boti kabla ya dawa. Unga, sukari, vikombe, na mama wawili wa pale pale wa kukoroga, walipwe. Mtoto akimaliza kikombe ndipo anasimama kwenye mti wa vipimo. Mhasibu wetu aliwahi kuuliza kwa nini kambi ya matibabu inanunua gunia la sukari. Nilimpeleka safari iliyofuata, hajauliza tena. Na umwambie mzazi ukweli: dawa inaua minyoo iliyomo mwilini leo, haimzuii mtoto kuipata mingine akirudi kuogelea penye konokono wanaoieneza jioni ile ile.

Chanjo ni ya pili. Wengi wanadhani adui wa chanjo ni joto peke yake, kwa hiyo wanajaza barafu mpaka boksi halifungi. Kiwango ni nyuzi 2 hadi 8. Chanjo kama ya pepopunda ikiganda imeharibika, ingawa kwa macho ni nzima. Vile vifurushi vya barafu vikitoka kwenye friza viache nje kwanza, uvitikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, sasa vipange. Na boksi likae kivulini mwa boti, si chini ya miguu ya kwaya.

Kupima VVU nitasema kwa kifupi. Usitenge chumba cha kupima VVU peke yake. Kisiwani kila mtu anamjua kila mtu, na mlango ule utakuwa unatazamwa na macho mia. Weka presha, sukari na VVU nyuma ya mlango mmoja. Wavuvi huhama kufuata samaki, hivyo muulize anayetumia dawa ufuo anaotoka na ule anaokwenda, umwandikie barua ya kuchukulia dawa huko. Na tafadhali, mhubiri asisimame kuwakemea akina mama kuhusu jaboya, ule mtindo wa kuutoa mwili ili upate samaki wa kuuza, halafu dakika kumi baadaye awaalike hao hao waje kupimwa. Hawatakuja. Mimi pia nisingekuja.

Nimefika kwa jambo linalonifanya niandike.

Safari ile ile ya kwanza alikuja bibi mmoja, mjane, mkono wake unanuka moshi wa samaki. Presha 190 kwa 110. Tukampa amlodipini, dawa ya presha, kidonge kimoja kila siku, vidonge thelathini kwenye karatasi ya kaki. Akavihesabu mbele yangu. Kisha akaniuliza, "Nyathina," yaani mwanangu, "na hivi vikiisha, mnarudi?" Mimi nikamtazama pasta. Pasta akasema, "Mungu akipenda, Mama." Tukaomba pamoja naye, tukapiga picha, tukaondoka.

Tulirudi baada ya miezi kumi na moja. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Akafungua fundo kwenye pembe ya leso yake, akanionyesha: vidonge tisa. Alikuwa akinywa kimoja tu siku kichwa kinapomuuma sana, ili vimfikishe siku tutakaporudi. "Nimewatunzia," akasema, kana kwamba ni vyetu. Presha ilikuwa juu kuliko mara ya kwanza.

Sikulala usiku ule. Hatukuwa tumempa matibabu, tulikuwa tumempa kumbukumbu ya matibabu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba ng'ambo ya pili, mwendo wa nusu saa kwa boti ya abiria, kulikuwa na zahanati. Hakuna aliyekuwa amemwambia aende huko. Hata sisi hatukuwa tumekwenda kusalimia.

Tangu safari hiyo kazi inaanzia zahanati. Ninampigia muuguzi wa pale ninamuuliza, "Dada, kwenye rafu yako una dawa gani za presha? Zipi hazikosekani?" Kama anayo nyingine badala ya hiyo tuliyochangiwa, mgonjwa ataanzishwa hiyo yake. Ile yetu nzuri ya mchango itakaa kwenye pipa. Madaktari wageni hulalamika kidogo hapa. Wamezoea kuchagua dawa bora zaidi. Dawa bora kwangu ni ile itakayokuwepo hata miezi minne baada ya sisi kuondoka.

Halafu mhudumu wa afya ya jamii. Tangu mwaka 2023 wengi wao wana mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari, na wanazijua nyumba zote. Yeye ndiye anayeandika majina, si mwanafunzi wetu kwenye tableti ambayo itarudi nasi mjini. Daftari linabaki kwake. Wa rufaa tunawaandikia siku, nauli na mtu wa kuwapokea, hata kama ni hadi Kisumu kule Russia, kama tunavyoiita hospitali yetu kubwa. Ukimwambia mvuvi "nenda hospitali" bila nauli umemwambia neno tupu.

Watu huniambia hiyo si injili ya boti, injili ya boti ni kufika. Ninawakumbusha kwamba Arthur Carscallen na Peter Nyambo, Waadventista wale, walivuka ghuba hii kutoka Kisumu mwaka 1906, wakafika Gendia, wakakaa. Hospitali ya Kendu ilifunguliwa 1925. Chombo kilichowavusha nani anakikumbuka jina?

Bibi yule yuko hai. Tulipokuwa huko mara ya mwisho hakuja kwenye foleni yetu. Nilimtuma mtoto amwite nikidhani anaumwa. Jibu likaja kwamba Jumanne ndiyo siku yake ya kliniki, leo ni Alhamisi, tumwache amalize kukaanga.

Kwa hiyo ukinipigia mwaka huu, nitakuuliza maswali matatu kabla hatujaongea kuhusu fulana: mwezi utakuwaje, uji nani anapika, na muuguzi wa zahanati atakaa wapi kwenye boti. Ukiniambia boti imejaa, mshushe mpiga picha.