Kabla hujamfunga mama vyuma

Juzi msomaji wa Kigoma aliniandikia: "Dada, mama ana miaka 74, pingili ya mgongo imebonyea, wanataka kumfunga vyuma. Nikubali?" Nikaiweka simu chini, nikatoka nje.

Mama yangu hakuanguka. Aliinua ndoo ya maji uani kwetu Ng'ambo, Tabora, akasema kitu kimelia "pa!" kiunoni. Tukasema uzee huo. Wiki tatu tunamchua mafuta ya nazi, kumbe tunachua mfupa uliovunjika.

Picha ilipotoka, haraka ilikuwa yangu. Nilikuwa na mkopo wa kikoba mkononi, na, niseme kweli, nilitaka ukoo uone binti naye anaweza. Akapasuliwa mbali, hospitali siitaji. Baada ya miezi minne skrubu zimelegea. Kaka yangu, fundi seremala, aliinua ile picha dirishani, akanyamaza weee, kisha: "Mninga unashika skrubu. Ubao ulioliwa na mchwa utashika nini?" Tangu siku hiyo hatuongei vizuri. Lakini alisema kweli: mifupa ya mama ilikuwa imeliwa kitambo, na hakuna aliyetuambia tuitibu.

Basi nisikilize, mdogo wangu. Miguu ikilegea au mkojo ukigoma, usingoje hata siku. Hapo upasuaji una kazi yake. Kama ni maumivu tu, wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa za maumivu na kutembea kidogo kidogo, si kulazwa kitandani mchana kutwa. Utasikia pia habari za saruji inayopigwa kwa sindano ndani ya pingili. Ilianzia Ufaransa mwaka 1984, na inasifiwa sana. Ila mwaka 2009 majaribio mawili yalitolewa: waliofanyiwa igizo tu la tiba hiyo walipata nafuu sawa na waliopigwa saruji. Uliza maswali. Uliza tena. Na mfupa utibiwe, upasuaji uwepo au usiwepo, maana pingili moja ikibonyea nyingine iko njiani. Tuache kutafuta sifa kwa mgongo wa mama zetu, mimi nikiwa wa kwanza.

Siku hizi kila Jumapili alfajiri mama anameza kidonge chake cha mifupa kwa glasi ya maji matupu, kisha nusu saa haruhusiwi kulala wala kula. Anakaa wima kwenye kigoda, anaitazama birika, ananiuliza kila dakika kama muda umefika.