Kufundisha Polisakaridi kwa Vizibo vya Soda

Nimefundisha biolojia ya sekondari kwa miaka mingi, na mwanzoni niliifundisha mada ya polisakaridi, yaani molekuli ndefu zilizoungwa kwa sukari ndogo nyingi, kama orodha: wanga, glikojeni, selulosi, kitini, kila kimoja na kazi yake. Wanafunzi walikariri na kufaulu jaribio, lakini mwezi mmoja baadaye hawakuweza kueleza kwa nini mtu hushiba ugali na hawezi kushiba pamba, ilhali wanga wa ugali na nyuzi za pamba vimejengwa kwa glukosi ileile. Ushauri wangu kwa walimu wenzangu, na kwa anayejisomea, ni kuyaweka majina kando kwanza na kuanza na namna glukosi zinavyoungana.

Mimi hutumia vizibo vya soda vilivyotobolewa pande mbili na kupitishwa waya mwembamba. Katika mnyororo wa kwanza vizibo vyote hutazama juu. Huo ni wanga, wenye viungo vya alfa, nao hujipinda kama waya uliozungushwa kwenye penseli, glukosi takriban sita kwa kila mzunguko. Katika mnyororo wa pili kizibo kimoja hutazama juu na kinachofuata hutazama chini; huo ni selulosi, wenye viungo vya beta, nao hunyooka. Minyororo iliyonyooka ikilala sambamba hushikana kwa viungo vya hidrojeni, ambavyo kimojakimoja ni dhaifu lakini kwa wingi wake hufanya nyuzi zinazousimamisha mnazi. Kimeng'enya cha mate yetu kina umbo la kuushika mnyororo wa kwanza tu. Hata ng'ombe hategemei kimeng'enya chake mwenyewe kuyeyusha selulosi ya majani, bali vijidudu wanaoishi tumboni mwake. Nakushauri usiharakishe hapa. Kipindi kizima kikiishia kwenye vizibo, hakijapotea.

Swali litakalofuata, na wasipoliuliza waulize wewe, ni kwa nini kiumbe asihifadhi glukosi yenyewe. Glukosi nyingi iliyoyeyuka ndani ya seli huvuta maji mpaka seli ikavimba, lakini maelfu ya glukosi yakifungwa katika molekuli moja, mvuto huo hupungua sana. Wanyama wameongeza jambo moja: glikojeni hutoa tawi kila baada ya glukosi 8 hadi 12, wakati amilopektini, ile sehemu ya wanga wa mimea yenye matawi, hutoa tawi kila baada ya 24 hadi 30 hivi. Vimeng'enya hung'oa glukosi kwenye ncha za matawi, kwa hiyo ncha zikiwa nyingi, nguvu hupatikana upesi. Muhogo haukimbizwi na mbwa, ndiyo maana unaridhika na matawi machache. Mtu mzima huwa na gramu 100 hivi za glikojeni kwenye ini, na zipatazo 400 kwenye misuli.

Kitini hakihitaji muda mrefu. Waletee gamba la kamba, waambie kwamba viungo vyake ni vya beta kama vya selulosi ila kila sukari imeongezewa kundi lenye naitrojeni, na wataona wenyewe kwa nini ni gumu.

Jaribio la iodini ndilo lililoniaibisha. Nilichemsha wanga, nikadondosha iodini maji yakiwa bado ya moto, nikasubiri rangi ya bluu-nyeusi ambayo haikutokea, na darasa likacheka. Nilidhani iodini imeharibika. Tulipomaliza kuandika ubaoni, bomba la majaribio lilikuwa limepoa, na rangi imejaa tele: iodini hukaa ndani ya mizunguko ya amilosi, ile sehemu ya wanga iliyojipinda kama mnyororo wetu wa kwanza, na joto huilegeza mizunguko hiyo. Siku hizi huyapeleka maji ya moto darasani makusudi, nikadondosha iodini, nikaacha wacheke, kisha nikawaomba wachore mnyororo wa vizibo huku tukisubiri yapoe.