Mbwa asimkimbize paka hata mara moja

Mkuu, ghairi mpango wa Jumamosi. Umesema mbwa wako ana miaka mitatu na kilo 25 hivi, mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa kulinda uani. Unaletewa paka wa wiki saba, na umeshauriwa umshike mikononi, umpeleke mbwa amnuse, kisha uwaache watazoeana.  Tuanze na hilo la kunusisha, maana ndilo linaloua.

Paka wa umri huo hafikishi hata kilo moja. Mbwa hahitaji kuwa mkali ili amuue. Akimdaka mgongoni na kumtikisa mara moja tu, basi. Hata mbwa mpole anayetaka kucheza anaweza kumbonyeza kifua kwa mguu wa mbele. Sasa angalia kinachotokea ukimshika mikononi. Umemziba njia ya kukimbia na kujificha, na hiyo ndiyo kinga yake kubwa. Mbwa anasogeza pua, paka anatoa kucha, anakuparura shingoni, mkono unalegea, anaruka chini na kutimua mbio. Hapo mbwa hasikii tena jina lake. Kitu kidogo chenye manyoya kinachokimbia mbele yake kinaamsha uwindaji uliomo mwilini mwake, na mbio zenyewe ndizo tuzo. Hata asipomkamata, raha ameshaipata, na kesho atamtafuta paka ili mchezo uanze upya. Naye paka amejifunza kwamba akimwona mbwa akimbie, yaani atakuwa anauanzisha mchezo huo yeye mwenyewe kila siku.

Kwa hiyo shika hili kuliko yote: zuia mbio ya kwanza. Kupendana, kama kutakuja, kutakuja baadaye.

Wanaosambaza ushauri wa "watazoeana" wananikera sana. Wameona klipu ya sekunde chache, mbwa anamlamba paka, wakadhani hivyo ndivyo ilivyoanza. Klipu haionyeshi wiki za kutenganishwa zilizotangulia, wala kwamba pengine mbwa huyo alilelewa na paka tangu akiwa kitoto. Wako ana miaka mitatu na kazi yake ya kila usiku ni kufukuza kinachopita uani. Na wale wa "mpige fimbo mara moja atajua" ni wabaya zaidi. Fimbo ikimshukia kila anapomwona paka, anachojifunza ni kwamba paka huleta maumivu. Ataacha kunguruma mbele yako, na utakuwa umelipoteza onyo pekee alilokuwa anakupa. Kumfunga mnyororo na kumweka paka mbele yake nako hakufai: anavuta, anazuiwa, hamu inapanda, na siku ukimfungua anakwenda moja kwa moja.

Kwanza, mwombe mwenye paka amwache na mama yake hadi wiki 8 kwa uchache; 12 ni bora zaidi. Muda huo tengeneza chumba. Stoo au chumba cha wageni kinafaa, ilimradi kina mlango unaofungika. Weka ndani kila kitu chake, pamoja na boksi lililokatwa tundu la kuingilia na mahali pa kupanda, kama kiti kando ya meza. Kagua dirisha: paka mdogo anapenya kati ya nondo bila shida. Kama hakuna wavu wa mbu ulio imara, funga wavu wa waya wa banda la kuku.

Siku za mwanzo wasionane kabisa, wajuane kwa harufu tu. Msugue paka mashavuni kwa kitambaa, umpe mbwa anuse, na akinusa kwa utulivu mpe kipande cha ini la kuchemsha kisichozidi punje ya maharage. Fanya hivyo pia kwa upande wa paka, lakini kitambaa kisitoke kwa mbwa aliyeogeshwa dawa ya kupe karibuni. Wengi huogesha mbwa kwa dawa za ng'ombe zenye amitraz au cypermethrin, na zote mbili ni sumu kwa paka. Permethrin, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za viroboto za mbwa, ni hivyo hivyo: ini la paka haliwezi kuivunja, na ataanza kutetemeka na kupata degedege. Usimpake paka dawa ya mbwa hata tone.

Kisha walishe pande mbili za mlango uliofungwa. Anza na mita mbili kutoka mlangoni, sogeza sahani kidogo kidogo. Mbwa akikwaruza mlango, akilia au akiacha chakula, umesogea haraka; rudi nyuma. Hatua hii ina siku zake na huwezi kuipangia. Kwa mbwa wa ulinzi, tegemea wiki kadhaa.

Kuonana kwa mara ya kwanza kuwe kupitia geti la nondo la korido, na sehemu ya chini ifunikwe wavu wa kuku hadi mita moja. Kama huna geti, mbwa awe kwenye kamba ya mita mbili iliyoshikwa na mtu mzima. Si mtoto, tafadhali. Mtembeze kwanza nusu saa, aje akiwa amechoka na ana njaa kidogo. Umbali uanzie mita nne au tano. Akimtazama paka, mwite jina. Akigeuza kichwa kukutazama, mpe ini hapo hapo. Dakika tano zinatosha, kisha mtoe. Rudia mara mbili au tatu kwa siku.

Usidanganywe na mkia unaotikisika. Mkia ulioinuka, mkakamavu, unaotikisika haraka haraka si urafiki. Tazama mdomo uliofungwa ghafla, masikio yaliyoelekezwa mbele, macho yasiyopepesa, mguu mmoja wa mbele ulioinuliwa, mwili unaotetemeka. Akikataa ini na kuendelea kukodoa macho, ondoka naye bila kelele, na kesho ongeza umbali. Unayemtaka ni yule anayetazama, anageuza uso, ananusa sakafu, anajilaza ubavu.

Ukifika hapo, mwache avute kamba sakafuni huku uko nao chumba kimoja. Kata kile kitanzi cha mkononi kisinase kwenye mguu wa meza. Paka achague mwenyewe kushuka, na njia ya kwenda juu iwe wazi muda wote. Akitimua mbio ghafla, kanyaga kamba. Usipige kelele wala kuwafukuza wote wawili, maana mbwa atadhani na wewe umejiunga na uwindaji. Mbio ikitokea, rudi hatua ya mlango uliofungwa. Na kama meno yamemgusa, mpeleke paka kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo hata kama huoni damu. Tundu la jino hufunikwa na manyoya na huenda ndani sana.

Kama uani kuna mbwa wa pili, zoeza mmoja mmoja. Wakiwa wawili, mmoja akianza kukimbiza mwingine anafuata, hata yule uliyemwona mtulivu kabisa.

Halafu kuna usiku. Mbwa anayelala karibu na paka sebuleni bila shida bado atamkimbiza nje gizani, kwa sababu kwake uani ni kazini. Kabla ya kumfungulia banda, hakikisha umemwona paka kwa macho yako akiwa chumbani, mlango umefungwa na wavu wa dirisha uko mahali pake. Endelea hivyo mpaka paka afikishe miezi sita hivi na aweze kuruka juu ya ukuta au kabati kwa mruko mmoja. Anayefungulia mbwa akiwa mlinzi au dada wa kazi, mwoneshe utaratibu huu na umpe ufunguo wa hicho chumba.