Ukitaka kuchanganya alumini na madini adimu, anza na seriamu

Mafundi wa sufuria huku Kizota, Dodoma, huniuliza: hayo madini adimu yanayotajwa redioni yanatuhusu nini sisi wayeyusha alumini? Yanawahusu, hasa seriamu, metali mojawapo katika kundi hilo. Inaitwa adimu, lakini wingi wake ardhini unakaribia ule wa shaba.

Mimi nilianza kwa pupa. Nilidhani seriamu ikizidi, ugumu nao utazidi, nikatia robo nzima ya uzito. Kipande kilipopoa nikakigonga nyundo mara moja tu. Kikakatika, na pale kilipokatikia palimetameta vibapa vyeupe kama chumvi ya mawe.

Vibapa vile ni kampaundi, yaani metali mbili zilizoungana kuwa kitu kipya: atomu 11 za alumini zimeshikana na 3 za seriamu. Kampaundi za jamii hii hazifanani na wazazi wao. Alumini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 za Selsiasi, seriamu kwenye 795, lakini ile ya alumini mbili kwa seriamu moja inataka karibu nyuzi 1,480. Ni ngumu, ila ni kavu, haikunjiki.

Kwa hiyo shika asilimia 10 hivi. Hapo alumini na kampaundi huganda pamoja, na kampaundi inatandaa kama nyuzi nyembamba. Fikiria tembe la Kigogo: fito ndani, udongo nje, fito peke yake si ukuta. Na kwa kuwa seriamu karibu haiyeyuki kabisa ndani ya alumini iliyoganda, nyuzi hizo hazinenepi upesi kwenye joto. Ndiyo maana watafiti wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, waliilenga aloi hii, yaani mchanganyiko huu wa metali, kwa vichwa vya injini.

Skandiamu, nayo ya kundi la madini adimu, inaimarisha zaidi, hata chini ya nusu asilimia, lakini bei yake haishikiki. Kampaundi za alumini na disprosiamu au holmiamu, nazo za kundi hilo hilo, zinafanyiwa utafiti wa kupoza kwa sumaku, hadi kugeuza hidrojeni kuwa kimiminika. Hizo waachie maabara.

Vijana, msitie mawe ya viberiti vya gesi chunguni. Yana seriamu, kweli, lakini yana chuma pia, na chuma huifanya alumini ivunjike ovyo. Unga wa seriamu unashika moto kwa tupa tu. Usimwagie maji kamwe. Mimi naweka debe la mchanga mkavu wa korongoni karibu na tanuri.

Pistoni chakavu nazo ziache, silikoni yake inaila seriamu. Chukua gramu 900 za waya wa umeme wa alumini, wenye risiti, kwa gramu 100 za seriamu.