Muulize Mjomba: Miaka 44 kwenye kiti cha umeya, alikuwa anawapa nini?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Hapa kijiweni kwetu Kahama kumewaka moto. Jamaa mmoja kasema huko Ulaya kuna meya wa kamji kadogo alichaguliwa weee mpaka akapitisha miaka 40, wengine tukamwambia acha kutupiga kamba, wazungu gani hao wa kumvumilia mtu hivyo, labda alikuwa anaiba kura. Tumewekeana kreti ya soda. Ni kweli? Na kama ni kweli alikuwa anawapa nini hao watu?
*Mpwa wako, Kahama*

JIBU: Marahaba mpwa. Pole, hiyo kreti umeliwa.

Anaitwa Juan Manuel Sánchez Gordillo, na kamji kenyewe ni Marinaleda, kusini mwa Hispania, mkoa wa Sevilla, watu hawafiki 3,000, yaani kuna mitaa hapo Kahama inaizidi. Alikuwa mwalimu wa historia. Akaingia umeya mwaka 1979, ule uchaguzi wa kwanza wa serikali za mitaa baada ya dikteta Franco kufa, akatoka 2023 kwa kuamua mwenyewe kutogombea tena. Hesabu chaguzi, zilikuwa kila miaka minne, 1979, 83, 87 na kuendelea mpaka 2019, kashinda 11 zote. Kura hakuiba, kule kuna vyama vya upinzani na mawakala kama kawaida, na sheria ya Hispania haimwekei meya ukomo wa vipindi.

Sasa alikuwa anawapa nini. Hapa lazima uelewe alikuta nini. Andalusia, jimbo ambalo Marinaleda imo, ni nchi ya mashamba makubwa makubwa ya wakabaila, shamba moja unatembea nusu siku hujalimaliza, afu watu wa kijijini hawana hata robo eka, wote vibarua. Kibarua chenyewe ni cha msimu, zaituni zikiiva unaitwa, zikiisha unakaa kwenye kizingiti cha mlango unahesabu magari. Agosti 1980 watu kama 700 pale Marinaleda wakagoma kula, wenyewe wakauita mgomo wa njaa dhidi ya njaa, meya yumo. Baada ya hapo wakahamia kwenye shamba lenyewe, linaitwa El Humoso, hekta 1,200, mali ya kabaila mmoja, Duke wa Infantado. Wanatembea kilomita zaidi ya kumi kwenye jua la Andalusia (na lile jua si mchezo), wanaingia, wanakaa, polisi wa Guardia Civil wanakuja kuwatoa, wanatoka bila kurusha jiwe, kesho wamerudi. Wakaenda na kwenye bwawa la Cordobilla kudai maji ya kumwagilia. Hivyo hivyo miaka inaenda, wengine wana kesi mahakamani, hadi 1991 serikali ya jimbo ikachoka, ikamlipa Duke fidia, shamba wakapewa wanakijiji walitumie kwa ushirika.

Na hapa ndo Mjomba wako anampendea yule mzee, maana wengi wangefika hapo wakagawana wakauza. Wao walikaa wakajiuliza, tulime nini? Ngano inalipa lakini ngano ni trekta moja na watu wawili, msimu umeisha. Wakachagua mazao yanayosumbua, pilipili hoho, zaituni, yale yanayotaka mikono mingi kuchuma, kuchambua, afu wakajenga kakiwanda palepale cha kusindika na kuweka kwenye makopo, ili asiyeko shambani awe kiwandani. Mfanyabiashara yeyote anatafuta zao lisilotaka vibarua wengi, wao wakatafuta linalokula vibarua! Malipo yakawa sawa kwa wote, miaka ile ya 2012 ilikuwa karibu euro 47 kwa siku, uwe unachuma au unaendesha mashine.

Halafu nyumba. Kiwanja unapewa na halmashauri bure, vifaa vinatoka serikali ya jimbo, mchoro wa bure, fundi yupo, we unatoa jasho lako, unajenga na majirani na hamjui bado nani atapata ipi, kwa hiyo hakuna anayelipua ukuta wa mwenzie. Ikiisha una vyumba vitatu na uwanja nyuma wa kuja kuongeza chumba, unalipa euro 15 kwa mwezi, kama elfu arobaini na kitu ya kwetu. Kuuza huruhusiwi. Ukiuliza kwa nini walimchagua mara 11 anza na hiyo 15, mengine baadaye.

SWALI: Mjomba, nimesoma kidogo habari za huyo meya wa Marinaleda, mbona ni ujamaa vijijini ule ule? Bibi yangu alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, hadi leo ukimtajia anasonya. Na nasikia huyo mzee aliongoza watu kwenda kuchukua vitu dukani bila kulipa, sasa huyo ni kiongozi au mwizi?
*Msomaji, Singida*

JIBU: Mpe bibi shikamoo yangu, na asonye tu, ana haki. Ila tofauti ipo. Bibi yako alitolewa kwake akapelekwa palipochorwa na mkubwa. Marinaleda hakuna aliyehamishwa, watu walikaa palepale kwao wakadai ardhi iliyokuwa inawazunguka.

Ya dukani ni kweli. Agosti 2012, Hispania imebanwa na uchumi, vijana hawana kazi, nyumba zinachukuliwa na mabenki, chama cha wafanyakazi wa mashambani kikaingia supamaketi, moja mji wa Écija, wakajaza matroli mchele, sukari, mafuta ya kula, wakapita mlangoni bila kulipa wakapeleka kwa wenye njaa. Mzee alikuwa nje na kipaza sauti, na wakati huo ni mbunge wa jimbo ana kinga. Magazeti yakamwita Robin Hood, yule wa hadithi anayewaibia matajiri awape maskini. Mi siungi mkono, mfanyakazi wa kaunta anayesukumwa pale naye ni mnyonge kama wewe. Lakini si mwizi wa kujaza tumbo lake, huyo mzee umeya wenyewe alikuwa hachukui mshahara.

Kasoro zake ziko kwingine. Pale mambo huamuliwa mkutanoni kwa kunyoosha mikono. Inapendeza ukisimulia. Sasa fikiria we ndo hukubaliani naye, na kazi ya ushirika unaitegemea, nyumba unaisubiri, na mikono yote iko juu, wa kwako uko chini, unaonekana na kijiji kizima. Wapinzani wake wamelalamika hilo miaka na miaka, na mi naona wana hoja. Jingine, lile shamba walilima miaka yote hiyo lakini hati haikuwa mkononi mwao, mwenye ardhi alibaki serikali ya jimbo, na ushirika umepita kwenye madeni na mivutano. Huyo aliyepokea kiti 2023, Sergio Gómez Reyes, alirithi hiyo, na picha kubwa ya mwanamapinduzi Che Guevara ukutani uwanja wa michezo.

SWALI: Mjomba na sisi Tanzania kwa nini hatumpigii kura meya moja kwa moja kama hao?
*Anaitwa Kiherehere, Tanga*

JIBU: Kiherehere, hata hao hawampigii! Marinaleda wanachagua madiwani 11, madiwani ndo wanamchagua meya, sawasawa na kwetu, tofauti ni kwamba pale kila mpiga kura anajua orodha ile ni ya nani. Ukitaka kumpigia meya mwenyewe vuka Uganda. Kenya usiende, wao mameya waliwafuta walipoanza kaunti 2013. Na wewe kabla ya yote diwani wako unamjua jina?