Hela yako ianzie kwenye spika: maswali yenu ya muziki wa nyumbani

Wiki hii meseji nyingi zinazunguka jambo moja, mtu ana hela kidogo, anataka muziki mzuri sebuleni, hajui kipi akikazanie na kipi akiache. Nimechukua matano.

SWALI: Nina laki sita nataka niunge sterio yangu mwenyewe, amplifaya na spika mbili. Hela nigawe vipi? (Mbagala)

Kaka, kwenye spika weka hata laki nne. Amplifaya yoyote ya maana, hata ya zamani, mradi ni nzima na haijalemewa, haibadilishi sauti kiasi cha kukukosesha raha, ila spika ndo inayogeuza umeme kuwa hewa inayotikisika na hapo ndo muziki unapoharibikia, spika mbili za bei moja zinaweza kuimba kama watu wawili wasiojuana. Nenda dukani na wimbo unaoujua nje ndani. Mi huwa naenda na rumba za Franco na TPOK Jazz, natega sikio kwenye gitaa la besi tu: spika mbovu inatoa mvumo, duu duu duu, noti zote sawa, spika nzuri unasikia kila noti inapoanza na inapokatika, mpaka kidole kikiteleza kwenye nyuzi unakisikia. Afu sikiliza muimbaji, sauti yake itokee katikati ya spika mbili pale pasipo na kitu, kama kasimama hapo. Ukiipata hiyo lipia, mambo ya taa za rangi achana nayo.

SWALI: Nimenunua sabufa, boksi limeandikwa PMPO wati 10,000, jirani ana amplifaya ya wati 50 na ananifunika. Imekuwaje? (Morogoro)

Dada, igeuze hiyo sabufa usome stika ya nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia. Mara nyingi utakuta AC 220-240V, 50Hz, 60W au karibu na hapo. Hizo 60 ndo inazokula ukutani, sasa elfu kumi itazitoa wapi? PMPO, yaani wati za kilele cha kufumba na kufumbua, haina kipimo kinachofuatwa na wote, kila kiwanda kinajiandikia, wewe tafuta palipoandikwa RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo. Na hata wati za kweli zisikutishe, kutoka 50 kwenda 100 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo, ukitaka sauti uisikie imekuwa kubwa mara mbili inabidi wati ziwe kama mara kumi. Ndo maana nasema spika kwanza: spika ya desibeli 90 kwa wati moja ukiwa mita moja inahitaji nusu tu ya wati za ile ya 87 kupiga sauti ileile. Jirani yako huenda hakununua wati, kanunua spika.

SWALI: Nimepata amplifaya ya mtumba toka Japani, safi kabisa. Nichomeke tu? (Zanzibar)

Usichomeke! Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Soma nyuma, kama imeandikwa 100V peke yake nunua transfoma ya kushusha umeme, yenye wati nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye amplifaya, na hiyo transfoma uihesabu kwenye bajeti tangu mwanzo. Nimeshafungua moja iliyochomekwa hivihivi, waya wa transfoma umekuwa mweusi, harufu ya kuungua ilikaa chumbani siku mbili, na mwenyewe alikusanya hela yake miezi. Iliniuma sana.

SWALI: Waya wa bei mbaya unasaidia? (Dodoma)

Kwa sebule ya kawaida, hapana. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha, kwangua kidogo kwa kisu, ukiona ndani kunang'aa kama fedha hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Cha muhimu nyekundu iende nyekundu na nyeusi nyeusi kwenye spika zote mbili, ukigeuza moja besi inapotea.

SWALI: Besi inavuma mpaka vioo vya dirisha vinalia, lakini nikikaa kwenye kochi siielewi. Nibadilishe spika? (Tanga)

Subiri mama, usitoe hata mia kwanza. Kuta za saruji na vigae vinarudisha karibu sauti yote, na spika ikibanwa kwenye kona besi inapanda kupita kiasi. Zitoe konani, ziache nusu mita toka ukutani, ziinue mpaka twita (ile spika ndogo ya sauti nyembamba) iwe usawa wa sikio lako ukiwa umekaa, na umbali wa spika mpaka spika ulingane na umbali wa kila moja mpaka kwako. Tandika zulia, shusha pazia zito, na kochi nalo lisigusane na ukuta wa nyuma. Afu mwite kijana mmoja wa nyumbani awe anasogeza kidogokidogo, wewe umekaa palepale unasikiliza, mpaka besi ikae.