Haiba ina changamoto gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea uuguzi hapa Dodoma. Tunaandaa kipeperushi kuhusu matatizo ya haiba, na mwenzangu ameandika "watu wenye changamoto za haiba". Ni Kiswahili sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na haiba, tuimalize. Ni neno la Kiarabu, huko ni hadhi na kicho. Kwetu likawa mvuto, ndiyo maana bibi harusi husifiwa haiba. Wataalamu wamelipa kazi nyingine, yaani namna ya kudumu ya mtu kufikiri, kuhisi na kuishi na wenzake, na limeshazoeleka. Liacheni.

Ugomvi wangu na mwenzako uko kwenye "changamoto". Siku hizi nchi hii haina tena njaa, madeni wala ajali, ina changamoto. Juzi daladala yetu ilizimika karibu na Sabasaba. Konda akatangaza: "Jamani, gari lina changamoto." Changamoto gani? Kama ni mafuta, nitasubiri. Kama ni pancha, nitashuka nitafute kivuli. Kama ni breki, nitashuka na sirudi. Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo tushuke?" Konda: "Changamoto ndogondogo tu, mama." Huku kofia ya injini imefunguliwa na moshi unatoka.

Sasa wataalamu wenu wanahangaikia jambo hilohilo, ukubwa wa tatizo. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, wa 2013, umeorodhesha aina 10 za matatizo ya haiba, kila moja na jina lake. Ule wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika 2022, umeyaweka kando karibu majina yote, unauliza kwanza: tatizo ni dogo, la wastani, au kali? Hutazamwa mtu anavyojiona, anavyoishi na wenzake, na kama kazi inamkalia. Huyu anakorofishana na kila bosi, lakini kibarua hakijaota nyasi na nyumbani kuna amani. Yule hadumu kazini, ndugu wamemkimbia, na pengine anajidhuru. Kwa mwenzako, wote "wana changamoto".

Najua anachokwepa. Sisi tuliokulia hapa tulimwita kila mwenye vituko "wa Mirembe", jina la hospitali ya magonjwa ya akili tukaligeuza tusi. Ule ulikuwa ukatili. Huu ni uvivu uliovaa tai.

Andikeni "tatizo la haiba", na kiwango mkitaje. Mwenzako aking'ang'ania neno lake, basi iwe "changamoto kali". Nitanuna, ila nitaelewa.